Mjadala: Ukurasa wa hitilafu kwenye kompyuta za skuli ubadilishwe au uachwe?

Kijana wa Michenzani
Assalaam alaykum. Mtandao ukikatika kwenye kompyuta za skuli, brauza ya Chrome inamtoa yule dinosaria wa mchezo na maandishi ya ERR_INTERNET_DISCONNECTED. Mtoto ama anamwita mwalimu, ama anaanza kuruka miti na somo limekwisha. Wapo wanaotaka ukurasa ule ubadilishwe, uwe na nembo ya skuli na maelezo: angalia waya, mwite fulani. Wengine wanasema brauza isichezewe. Mie nasema ubadilishwe, hasa kwa wenzetu wa Pemba. Mtandao wao wa kudra, ukurasa huo watauona kuliko Google.

Fundi wa Wete
Wa kudra? Sheikh, kebo ya umeme ya kutoka bara ilipokufa 2009, nani alikaa gizani miezi minne, Wete yetu ya Pemba au Michenzani yenu ya Unguja? Sisi majenereta ya Wesha yalinguruma, lakini taa ziliwaka.

Bi Mkubwa wa Mkunazini
Miezi mitatu, mwanangu. Desemba mpaka Machi. Pampu hazifanyi kazi, maji tukichota kwa ndoo, sisahau mie. Na hayo majenereta mnayasifu leo, wakati ule mkiyalalamikia usiku kucha.

Fundi wa Wete
Shikamoo Bi Mkubwa. Haya, mitatu. Giza ni giza.

Mwalimu wa Chake
Turudi kwenye mada jamani. Chrome haikupi nafasi, hata viongezi haviruhusiwi kuugusa ukurasa ule. Firefox ndiyo inawezekana. Ingia about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani, toolkit.legacyUserProfileCustomizations.stylesheets iwe true, maana tangu toleo la 69 huja imezimwa. Kisha kwenye folda ya profaili, pale Firefox inapoweka mambo ya mtumiaji, tengeneza folda iitwayo chrome, ndani yake faili la userContent.css, uanze na @-moz-document url-prefix("about:neterror"), ndio ukurasa wa hitilafu wenyewe. Maandishi yaliyopo unayaficha, yako unayapachika kwa amri ya CSS iitwayo content. Funga Firefox, ifungue tena. Kila profaili na faili lake, kwa hiyo darasa zima ni kazi.

Ila about:certerror, ule ukurasa wa onyo la cheti cha usalama cha tovuti, msiiguse! Kuna kompyuta hapa betri yake ya saa ilikufa, tarehe ikarudi nyuma miaka, kila tovuti ikawa inaonya kuhusu cheti. Onyo lile mkilipamba nembo ya skuli, mtoto atalizoea, na siku ya tapeli wa kweli atabonyeza apite.

Kijana wa Michenzani
Mwalimu, "turudi kwenye mada" unamwambia nani? Mada nimeileta mie.

Mpita Njia
Kwani Chrome ukiiweka lugha ya Kiswahili, ukurasa huo si unakuja kwa Kiswahili wenyewe? Mnagombania nini?

Fundi wa Wete
Tunagombania Pemba. Hujasoma juu?

Kijana wa Michenzani
Fundi, mie babu yangu Mkoani. Nimetania tu, umelishika kama deni.

Fundi wa Wete
Babu Mkoani, mjukuu anatukana. Salamu zake nitamfikishia.

Mzazi wa Fuoni
Nembo mie hainihusu. Shida yangu huyo mnyama. Mwanangu anazima waifai makusudi ili acheze, akiulizwa anasema "mama, mtandao umekatika". Na uso mkavu!

Mpita Njia
Wala hana haja ya kuzima waifai. Andika chrome://dino pale juu, mchezo unafunguka.

Mzazi wa Fuoni
Ahsante sana kaka. Yuko nyuma yangu, amesoma kabla yangu.

Mwalimu wa Chake
Skuli zinazosimamia kompyuta zake kutoka sehemu moja zinaweza kumzima huyo dinosaria kwa sera, yaani mpangilio wa msimamizi, inaitwa AllowDinosaurEasterEgg. Nyumbani hapo, bi dada, itabidi uongee naye. Na lile la cheti mbona hamna aliyenijibu?

Kijana wa Michenzani
Wakimzima dinosaria watoto watahamia Edge, brauza ya Microsoft, kule edge://surf kuna mchezo wa kuteleza baharini. Halafu huyu wa Chrome ana mwisho, ukifika 99999 hesabu inarudi sifuri. Mie nimefika.

Bi Mkubwa wa Mkunazini
Na kazi umepata?

Fundi wa Wete
😂😂 Bi Mkubwa!

Kijana wa Michenzani
Bi Mkubwa naye... Nimefika wallahi.

Fundi wa Wete
Picha ya skrini, sheikh. Kiapo weka pembeni.