Masika hayoo yanakuja, maji ya kunywa ya akiba mnayawekaje? (Tanga mjini)

MamaTatu_Mwanzange

Wakuu habari za humu. Niko Tanga mjini, Mwanzange, nyumba ya kupanga, tuko sita ndani: mimi, baba watoto, watoto watatu (mdogo ana miezi nane ameshaanza uji) na mama yangu mzazi, mtu mzima sasa. Masika yanabisha hodi na kila mwaka ni yaleyale, mvua ikipiga sana bomba linatoa maji rangi ya chai ya maziwa au halitoi kabisa, na umeme ukikatika ndo basi tena. Mwaka 2024 TMA (watu wa hali ya hewa) walivyotangaza kimbunga Hidaya mtaani kwetu maji ya chupa yaliisha dukani kwa Mangi kabla hata upepo haujafika, mtu anatoka na katoni tano wewe unabaki unaangalia.

Safari hii nataka nijipange mapema. Juu kuna simtenki la mwenye nyumba la lita 1000 tunachangia wapangaji wanne. Uani kuna kisima ila maji yake yana chumvi, tunafulia tu na kuoshea vyombo. Jirani anasema hayohayo ya kisima yachemshwe saaana yatanyweka. Mume wangu yeye anasema acha kuhangaika tununue katoni tuweke uvunguni basi.

Sasa naombeni mnisaidie, watu sita waweke kiasi gani? Kuchemsha au vidonge? Na bi mkubwa hataki kusikia maji ya dawa, anasema yananuka hospitali, hanywi.

mstaafu_wa_zahanati

Mwanangu umefanya vizuri kuuliza sasa, wengi wanauliza maji yakiwa yameshaingia sebuleni. Nianze na kisima maana hilo ndo linaweza kukuumizia watoto.

Jirani anakupotosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiendi popote, tena maji yakipungua sufuriani chumvi inabaki ileile kwenye maji machache, kwahiyo kadiri unavyochemsha ndo inazidi kukolea. Vidonge vya kutibu maji navyo haviondoi chumvi. Huyo wa miezi nane usimpikie uji kwa maji hayo, na ORS (dawa ya unga ya kuharisha) ndo kabisaa, ile pakiti imeshapimwa chumvi yake kwa maji matamu, soma imeandikwa lita ngapi, ukitia ya kisima umeshavuruga kipimo na mtoto mwenyewe yuko hoi anaharisha. Kisima kibaki cha kufulia, kuoga na kumwagia chooni, na usikidharau, maana kinakuachia maji matamu yote yawe ya kunywa na kupikia. Ila siku mafuriko yakiingia kisimani hata vyombo usioshee mpaka kitiwe dawa. Kisima kinatakiwa kiwe mita 30 toka shimo la choo, sasa niambie Ngamiani, Makorora au hapo kwenu nani ana hizo mita 30?

Kiasi: mtu mzima kunywa tu anataka lita 2 mpaka 3 kwa siku na joto letu hili, weka lita 4 kwa kila kichwa ndo uji na mswaki vimo humohumo. Sita mara nne ni 24 kwa siku. Siku tatu 72, madumu manne ya lita 20 yanatosha na chenji inabaki. Wiki nzima ni 168, madumu tisa. Anza na manne, mengine utaongeza mdogo mdogo.

Kuchemsha au vidonge? Vyote, kutegemea una nini siku hiyo. Kuchemsha ndo mfalme kwa vijidudu, yakishatokota yale mapovu makubwa hesabu dakika moja inatosha, sio nusu saa kama tulivyozoea kuchoma mkaa bure (dakika tatu ni kwa walioko juu ya mita 2000, hata Lushoto mjini hawafiki huko). Shida yake ni kuni, mkaa na gesi, na mvua za siku tatu mkaa wenyewe umelowa. Hapo ndo vidonge vinakuokoa. Vile vya miligramu 67 kimoja kwa ndoo ya lita 20, subiri nusu saa, lakini soma pakiti yako maana vipo vya lita chache. Maji yakiwa na tope usitupie kidonge hivyohivyo, tope linakula dawa. Acha yatuame, chuja, ndo utie.

Kama huna vidonge Jik ya kawaida inafaa, ile isiyo na manukato wala sabuni. Iliyoandikwa 3.5% ni matone matatu kwa lita, dumu la lita 20 ni zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Koroga, funika, nusu saa. Ukifungua unusie, lazima kuwe na harufu ya klorini kwa mbali, kama hakuna kabisa rudia kipimo kilekile usubiri robo saa nyingine. Na chupa isiwe ile iliyokaa chini ya sinki toka mwaka juzi, dawa inaisha nguvu.

FundiKoki_Duga

Shikamoo mama mstaafu, umemaliza kila kitu, mimi naongeza la mabomba tu.

Dada MamaTatu hilo tenki la juu usilihesabie kama akiba yako. Wapangaji wanne, siku bomba likikauka asubuhi jioni limeshabaki tope la chini, na lini mara ya mwisho limeoshwa? Nimeshapanda juu ya mapaa mengi hapa mjini, unafunua mfuniko unakuta mjusi, unakuta majani, tope la vidole vitatu na watu chini wanapikia. Mwambieni mwenye nyumba lioshwe sasa hivi kabla ya mvua, mfuniko ufungwe vizuri.

La pili, maji yetu mengi yanatoka mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Mto unateremka toka Amani milimani huko, ikinyesha Usambara mto unabeba udongo hata kama mjini jua linawaka. Kwahiyo ukisikia mvua kubwa Amani au Muheza ndo wakati wa kujaza madumu, sio ukishaona wingu Raskazone.

La tatu na hili watu hawalijui. Bomba likiwa na presha linasukuma maji nje hata likiwa na tundu. Presha ikishuka, umeme umekatika pampu zimesimama, lile tundu sasa linavuta ndani, na kama bomba limepita kwenye mtaro au karibu na shimo la choo basi unajua linavuta nini. Ndo maana wale wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa kuvuta maji mi huwa nagombana nao, wanavuta uchafu wa mtaa mzima. Hivyo mvua ikichanganya funga koki inayoingiza maji tenkini, baki na uliyonayo. Maji yakirudi yaachie kwanza yatoke, yale ya mwanzo ya deki na choo, mpaka yang'ae. Hata yaking'aa ya kunywa tia dawa.

mzee_wa_dau

Nyie watu wa siku hizi mna mambo mengi. Sisi tumekua tunakunywa maji ya mto na ya mvua na tuko hapa. Matone sijui milimita 😂

mstaafu_wa_zahanati

Mzee wangu nakuheshimu lakini wale ambao hawako hapa hawaandiki humu. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Dar kikasambaa karibu nchi nzima mpaka 2016, usinikumbushe zile siku za kutundika dripu. Ya mvua sawa ni mazuri, bati safi, mvua ya kwanza uiache ioshe paa (kinyesi cha popo na kunguru hicho), halafu ndo ukinge, na bado utie dawa.

mtoto_wa_Magomeni_Bagamoyo

Sisi Bagamoyo tuko karibu na mtambo wa Ruvu Chini lakini karibu na mtambo sio lazima maji yafike kwako 😅 kwahiyo kuweka akiba tumezoea. Mi natumia jua. Chupa za plastiki za maji zinazoonyesha ndani, zisizozidi lita 2, zitoe lebo, jaza maji yasiyo na tope, laza juu ya bati masaa sita jua likiwa kali. Kukiwa na mawingu siku mbili. Haina gharama hata mia.

FundiKoki_Duga

@mtoto_wa_Magomeni ni kweli inafanya kazi ila masika jua utalitoa wapi ndugu yangu. Hiyo ni ya kiangazi bomba likikauka. Wiki ya mvua utalaza chupa mpaka ziote ukoka.

mtoto_wa_Magomeni_Bagamoyo

Hahaa hapo umenishika. Basi madafu.

MamaTatu_Mwanzange

Jamani Mungu awabariki. Kisima kimeshatoka kwenye hesabu, jirani nimemwonyesha hii kasema "haya bwana". Sasa madumu ninayo ya mafuta ya kupikia, mawili yalikuwa ya mafuta ya taa nimepewa na shemeji, yanafaa? Na mama amesema mlonge unasafisha maji, walikuwa wanatumia kwao. Na baba watoto bado na katoni zake.

mstaafu_wa_zahanati

Ya mafuta ya taa hapana, uoshe utakavyoosha, rudisha kwa shemeji. Ya mafuta ya kupikia yanafaa, maji moto na sabuni, tia kokoto ndogo utikise kwa nguvu yale mafuta ya kwenye pembe yatoke, suuza. Halafu kijiko cha chai cha Jik kwenye lita moja ya maji, mimina ndani, tikisa maji yapite kila mahali mpaka shingoni na kwenye kifuniko, acha kidogo, mwaga, suuza na maji safi. Kifuniko lazima kiwepo, sio ile kuziba na mfuko wa nailoni. Andika tarehe na makapeni, weka ndani kivulini mbali na mafuta ya taa na dawa za mbu maana plastiki inavuta harufu. Miezi sita hayajatumika, fulia, jaza mengine. Na ukifungua umimine, watoto wasichovye vikombe na mikono.

Mlonge mama yuko sahihi nusu. Mbegu zikimenywa zikatwangwa zikakorogwa kwenye maji ya tope zinavuta tope linakwenda chini, vizuri sana kwa maji ya masika. Shabu pia hivyohivyo. Lakini tope likishuka vijidudu bado vingine vimo, kwahiyo baada ya mlonge unachuja ndo kidonge au jiko. Kuchuja tumia kanga iliyochakaa, ikunje mara nne. Bangladesh walifanya utafiti vijijini kwa sari zilizokunjwa hivyo, matokeo yakatoka 2003, kipindupindu kilipungua karibu nusu, na kitambaa kikuukuu ndo kizuri maana nyuzi zimelegea zimeziba matundu. Kianike juani kila ukimaliza.

Mumeo naye msimbeze. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ni lita 18, nne ni 72 kamili, siku zenu tatu hizo hapo. Mwachie anunue mbili akiangalia alama ya TBS na kifuniko hakijafunguliwa, wewe jaza madumu, za chupa ziwe za mtoto. Ila zisikae juani wala mlangoni kwa pikipiki yake na petroli.

shangazi_wa_Chumbageni

Mie nimekuja kwa bi mkubwa tu, wengine mmeshasema 😄. Mwaya mama yako ana mtungi? Sisi mtungi tunaufukiza ubani, unaweka makaa kwenye chetezo unaufunika juu moshi ujae ndani, ndo unatia maji. Maji yakishatiwa dawa na nusu saa imepita, yamimine toka jagi hili kwenda lile mara kadhaa harufu inapungua, halafu tia mtungini. Ya siku ile tu usiweke ya wiki maana harufu ikishatoka na ulinzi umepungua. Mtungi uwe na kawa juu na kata yenye mpini mrefu, mkono usiguse maji. Mama mkwe wangu anakunywa hivyo na akiulizwa anasema haya ndo maji, sio yale yenu ya hospitali.

MamaTatu_Mwanzange

Shangazi umeua 😂😂 mtungi upo, ubani kesho naupitia sokoni Ngamiani. Fundi nikuulize, hiyo koki ya kuingizia tenki naijuaje? Juu naona mabomba mawili.

FundiKoki_Duga

Linaloingia juu karibu na mfuniko ndo la kuingizia, ndani lina boya. La chini ndo linaloshuka kwenu. Fuata la juu mpaka chini ukutani utakuta koki yenye mpini. Ikiwa imeganda kwa kutu usiilazimishe itakatika, mwite fundi kabla ya mvua.