Chensoo ya mtumba inalegea ikiingia kwenye gogo

Mpasuambao: Wakuu, nimenunua chensoo ya mtumba Dar, cc 72, nikapanda nayo Njombe kupasua mipaini. Nje ya gogo inanguruma vizuri. Ikiingia tu inalegea, moshi mwingi, plagi imeloa na ni nyeusi. Fundi wa hapa anataka tubadilishe pistoni. Nimkubalie?

Fundi Makambako: Usitoe hata shilingi bado, ndugu yangu. Zima injini, shika kamba ya kuwashia, iache mashine ining'inie. Ikishuka kwa kusitasita, kompresheni (mgandamizo wa injini) ipo. Ikiteleza moja kwa moja, imechoka. Halafu fungua egzosti umulike pistoni, tafuta mikwaruzo ya wima.

Ikiwa safi, angalia kabureta. Ilisetiwa pwani, huko Njombe hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi. Safisha filta ya hewa kwanza, ndipo uzungushe skrubu ya H, ile ya petroli ya resi kubwa, kulia, kidogo sana. Resi ya mwisho nje ya gogo iwe na mlio wa kukwaruza, mlio usafike ikianza kukata. Ukikaza mpaka ipige mluzi, pistoni itaungua. Nimeona mashine nzuri ikifa hivyo asubuhi moja, iliniuma sana.

Mama Mbao: Na mnyororo je? Ukitoa unga badala ya vipande, upige tupa.

Mpasuambao: Imesitasita, pistoni inang'aa! Filta ilikuwa imeziba kabisa. Sasa inakula gogo, ila mnyororo unazunguka hata nikiachia resi.

Fundi Makambako: Skrubu ya LA, ile ya resi ya chini, zungusha kushoto mpaka mnyororo usimame. Kabla ya hapo usiingie nayo shambani.