Mamangu kafanyiwa matanga yu hai, sababu ya neno moja kwenye karatasi!

Asalaam aleikum wadau. Leo mnisamehe, nina hasira.

Mamangu alikuwa na nundu begani, laini, ukiibonyeza inateleza. Kakaa nayo miaka. Mwezi uliopita ikatolewa kwenye kliniki moja hapa kisiwani, ikapelekwa maabara. Majibu nikaenda kuchukua mimi. Dada wa mapokezi kafungua bahasha (nani alimtuma?), kasoma, kaniangalia kwa huruma: "Pole kaka, ni neoplazimu. Hiyo kansa." Daktari yuko wapi? "Njoo Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa! Nyumbani kwetu Majengo pakawa matanga. Shangazi kaja kutoka Likoni, kalia tangu kwenye feri. Mama mwenyewe hakulia. Kakaa kitandani anagawa leso zake, doti kwa doti, hii ya fulani, hii ya fulani. Hapo ndipo siwezi kusamehe.

Jumatatu daktari kaisoma karatasi ileile, hata dakika 2 hazikufika. Lipoma. Uvimbe wa mafuta. Na neno lililotangulia neoplazimu, mstari uleule, lasema wazi kuwa si saratani!

Neno neoplazimu lenyewe asili yake Kiyunani, kitu kilichoumbika kipya. Yaani seli zimezaana ovyo, mwili haukuzihitaji, na hazisikii amri ya kusimama. Basi. Halijasema nzuri wala mbaya. Lipoma ni neoplazimu, fibroidi za kizazi ni neoplazimu, saratani ya titi nayo ni neoplazimu. Saratani ni ile inayopenya nyama za jirani na kuweza kusafiri hadi viungo vingine. Na msiniambie "si useme uvimbe tu", maana kwetu hata jipu ni uvimbe, ukiumwa na nyuki ni uvimbe, na hizo si neoplazimu. Halafu kuna saratani ya damu, neoplazimu kamili, wala huna nundu ya kushika.

Nikarudi kwa yule dada. Anijibu nini? "Lakini si neoplazimu kweli? Nimekosea wapi?"

Na leso za mama doti mbili hazijarudi mpaka leo. Shangazi anasema alishapewa.