Askari wa bunduki ndani ya chuo: tuombe waongezwe au tukatae?

mjukuu_wa_Mpwapwa
Habari za saa hizi wakuu. Mi nasoma chuo kimoja hapa Dodoma, sitakitaja, na niko kwenye kamati ya ulinzi ya serikali ya wanafunzi. Tangu muhula uanze watu wanakabwa sana njia ya kwenda mageto, simu zinaenda, laptop zinaenda, na wiki bumu likiingia ndo balaa zaidi. Sasa uongozi unataka kuongeza askari wenye bunduki wazunguke hosteli usiku na sisi tumetakiwa kutoa maoni kabla ya Ijumaa. Wenzangu wengi wanasema waje hata kesho.

Mi roho inasita. Juzi natoka maktaba nikasimamishwa na askari wa lindo, kijana tu, ananiuliza kitambulisho huku mtutu umenielekea tumboni na kidole kiko palepale, na kitambulisho changu kiko chini kabisa ya begi. Niliogopa kuingiza mkono. Nikamwambia kaka naomba nimwage vitu vyote chini ukichukue mwenyewe, nikamwaga madaftari, chaja, kila kitu, kwenye vumbi.

Nasikia Marekani wanafunzi wao wanadai polisi wenye silaha wapunguzwe vyuoni. Mwenye kujua ilifikia wapi anieleze, na nyie mliopita vyuo au mna watoto vyuoni, mnashauri tuandike nini?

Boda wa Nanenane
Pole sana mdogo wangu. Mi napaki nje ya chuo, sio lazima kiwe chenu, na nimebeba wanafunzi waliokabwa mpaka nimezoea kuwapeleka polisi wakachukue RB. Karibu wote wanakabwa sehemu ileile, pale taa za njia zimekufa muda mrefu halafu pembeni kuna korongo, jamaa wakishapiga ngeta wanaingia korongoni, huwaoni tena. Huyo askari wa bunduki atakaa wapi? Atakaa getini kwenye kibanda maana ndo kuna taa na kiti. Wekeni taa, fyekeni yale majani, na daladala zisiishe mapema wakati maktaba bado iko wazi. Hayo mengine ongeeni nyie wasomi.

binti_wa_Kondoa
Mkuu hilo la Marekani nimelifuatilia kwa karibu, ngoja nikupe ninavyolijua.

Kule vyuo vikubwa vina idara zao kabisa za polisi, wanakamata watu na wanabeba bastola. Uchunguzi wa wizara yao ya sheria wa mwaka 2011-12 ulikuta karibu robo tatu ya vyuo vya miaka minne vyenye wanafunzi 2,500 na kuendelea vina askari wenye silaha. Na wana sababu, mwaka 2007 pale chuo cha Virginia Tech mtu mmoja aliua watu 32, kwahiyo mzazi wa kule akisikia polisi waondoke lazima ashtuke. Upande wa pili kuna George Floyd, aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, na siku mbili tu baadaye mkuu wa Chuo Kikuu cha Minnesota Joan Gabel akatangaza hawatakodi tena polisi wa jiji kulinda mechi na shughuli zao kubwa. Hapo ndo madai yakapamba moto vyuo vingi.

Kesi ya kuangalia vizuri ni chuo cha Portland State, kule Oregon. Hawakuwa na polisi wao wenye bunduki mpaka 2015. Juni 2018 hao polisi wakampiga risasi Jason Washington, wakamuua, mtu aliyekuwa anaamulia ugomvi nje ya baa jirani na chuo. Mwaka 2020 chuo kikasema doria zitakuwa bila bunduki, zikaanza 2021, halafu 2023 wakarudisha bunduki wakidai wanakutana na silaha nyingi zaidi eneo lao. Sasa jiulize, vibaka wenu wana nini mkononi? Wana panga, wana kisu, wana ngeta. Raia wa kule ananunua bunduki dukani, hapa sio hivyo, kwahiyo ile sababu iliyowarudisha nyuma Portland sisi hatuna.

Ila kitu nachowaonea wivu wale watu kweli kweli ni sheria yao ya Clery ya mwaka 1990. Inalazimisha chuo kutangaza kila mwaka matukio ya uhalifu yaliyotokea, na kukiwa na hatari inayoendelea wanafunzi waambiwe mapema. Jina ni la Jeanne Clery, binti aliyeuawa Aprili 1986 ndani ya chumba chake cha bweni. Muuaji alipita milango mitatu ya kujifunga yenyewe ambayo wanafunzi walikuwa wameiegeshea vitu isifunge!! Yaani bunduki hata mia zisingemsaidia yule dada, ni milango. Na wazazi wake wakapigania watu waambiwe ukweli. Nyie kwenye kamati mmeshaonyeshwa idadi ya matukio, wapi na saa ngapi? Kama hamjaonyeshwa mnatoa maoni ya nini?

Baba Wawili, Kizota
Wanangu nawasoma ila mi ni mzazi na nina binti mwaka wa kwanza. Mmeisahau Garissa? 2 Aprili 2015, alfajiri, watu 148 waliuawa na magaidi chuoni, wengi wao watoto kama nyie. Hapo jirani tu Kenya. Walinzi wa getini walipigwa risasi wa kwanza. Mi sitaki kusikia habari za taa na majani siku kama ile, nataka mtu mwenye silaha awepo.

Afande mstaafu Manyoni
Mzee mwenzangu Baba Wawili, uchungu wako naujua na mimi nina wajukuu. Lakini Garissa hiyohiyo inafundisha kingine, wale getini walizidiwa mara moja na kikosi maalumu kilichomaliza kazi kilitoka Nairobi, kikafika baada ya masaa mengi. Kilichokosekana ni kikosi cha haraka. Huwezi kukipata kwa kumpa SMG kijana wa lindo anayekesha peke yake.

Nimeshika bunduki kazini miaka mingi, niwaambie inavyokuwa. Ukiwa na bunduki usiku mkono mmoja hauko huru tena, huwezi kumkamata kibaka vizuri maana unaogopa ataivuta silaha. Akikimbia anakimbilia walipo watu, mbele kuna wanafunzi wanatoka prepo, utapiga wapi? Risasi haichagui. Tarehe 16 Februari 2018 kule Kinondoni polisi walikuwa wanatawanya waandamanaji, mwanafunzi wa NIT, chuo cha usafirishaji, akapigwa risasi akiwa amekaa kwenye daladala, hata kwenye maandamano hakuwepo. Hilo mimi halijanitoka mpaka leo.

Na wewe mjukuu, askari kukuelekezea mtutu anapokuuliza kitambulisho ni kosa, mtutu unaangalia chini au juu, hilo ni somo la kwanza kabisa. Karipoti.

Ushauri wangu: doria ya ndani iwe ya watu wawili wawili, rungu, tochi kali, filimbi, redio. Polisi wasaidizi wapo kisheria, Sura ya 322, wana mamlaka ya kukamata, sio lazima kila mmoja abebe bunduki. Silaha ikae ghala la kituo, na namba ya kituo ibandikwe kila mlango wa hosteli, na wafanye zoezi waone gari la polisi linafika baada ya dakika ngapi. Hizo dakika ndo baba wa binti azidai.

Baba Wawili, Kizota
Nimekuelewa afande. Hizo dakika nitazidai kwa maandishi. Ila kama gari litachukua nusu saa narudi kwenye msimamo wangu.

mjukuu_wa_Mpwapwa
Shikamoo afande, shikamoo baba, na asanteni wote. Nimeongea na mwenyekiti usiku huu, tunaandika kwamba hatukubali doria za bunduki mpaka tuonyeshwe orodha ya matukio, na tunaomba taa za ile njia kwanza pamoja na hilo zoezi la gari. Kuripoti nitaripoti kesho, nimemuomba mwakilishi wa darasa anisindikize.

binti_wa_Kondoa
Ongeza na askari wa kike kwenye hosteli za wadada, kuna mambo binti hawezi kumueleza mwanaume saa nane usiku. Na hiyo barua baki na nakala yenye mhuri wa masijala.