Wakuu, nisaidieni kupatana bei ya gari la kukodi miaka mitatu (niko Ohio, watoto wanne)

Baba Wanne
Wakuu habari za muda huu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa. Mtoto wa nne kaja Februari na kiCorolla changu kimezidiwa. Jumapili iliyopita mkubwa alibanwa goti na kiti cha mdogo wake, kufika kanisani anashuka anachechemea. Nataka Toyota Highlander mpya, ile ambayo nyumbani tulizoea kuiita Kluger. Sinunui, nakodi miezi 36 kisha narudisha. Yadi wanataka nitangulize dola 4,000, halafu 625 kila mwezi kabla ya kodi. Niwaambie nini washuke mpaka 550? Naomba ushauri wa maana, matusi wekeni pembeni.

Kobe wa Mbagala
Subiri kwanza. Unalipa miezi 36 HALAFU UNARUDISHA? Huku boda ya mkataba ukimaliza hesabu unakabidhiwa kadi, chombo ni chako. Mmeenda Marekani kufanya nini jamani.

Bwana Harusi Mstaafu
Chukua Sienna, ile van ya familia ya Toyota. Mimi nilikataa miaka miwili, nasema lile ni gari la kina mama. Siku wife aliponiacha nibebe watoto watano mvua inanyesha, mlango unajifungua wenyewe pembeni, nikanyamaza. Sasa hivi silitoi hata kwa ng'ombe.

Baba Wanne
Sienna hapana mkuu. Nimeuliza kuhusu Highlander.

Mzee wa Hesabu
Mtoa mada, achana na 625, hiyo ndiyo namba wanayokuchezea nayo. Nipe vitu vitatu: bei ya gari, thamani walioandika litabaki nayo mwisho wa mkataba, na kiriba (money factor), kile kidesimali cha riba kinachoanza na masifuri. Na maili ngapi kwa mwaka?

Baba Wanne
Bei ya kwenye kioo 46,000. Thamani ya mwisho asilimia 58. Kiriba .00290. Maili za kawaida tu.

Mzee wa Hesabu
Zidisha .00290 mara 2,400, unapata karibu asilimia 7. Hiyo ndiyo riba yako kwa mwaka, wameivalisha baibui usiitambue. Na bei hawajapunguza hata senti. Wakishuka mpaka 43,500, kiriba kikawa .00210, unalipa kama 615 bila kutanguliza chochote. Maana yake ile 4,000 yote ni bei ya kutokujua.

Tena kwenye gari la kukodi usitangulize hela nyingi. Likigongwa wiki ya pili likafa kabisa, bima inamlipa mwenye gari, na mwenye gari si wewe. Yadi nyingi huongeza chao juu ya kiriba cha benki, kwa hiyo hapo pana nafasi ya kuvutana. Andikia yadi tatu barua pepe, kila moja uiambie wenzake wamesema ngapi. Usiende mwenyewe. Ukienda utapewa kahawa, utakaa saa nne, utasaini kwa njaa.

Maili za kawaida ndiyo ngapi?

Mama Zawadi
Mwanangu, kwanza mkeo anasemaje? Mimi la kwangu nililirudisha 2021. Mkaguzi akaja na kadi ya plastiki kama ya benki, kila mkwaruzo anauwekea kadi: ukizidi kadi anaandika. Kiti cha nyuma kilikuwa na doa la mchuzi wa samaki, nimelisugua siku tatu kwa limau na sabuni ya unga. Akainama, akanusa, akaandika. Watoto wanne hao? Nunua lako, wamwage wanavyotaka.

Baba Wanne
Asante mama. Mkeo wangu amelipenda sana. Mkuu wa hesabu, wameniwekea maili 10,000 kwa mwaka, wanasema familia zinatosheka.

Mzee wa Hesabu
Sijauliza wanasema nini. Kazini kwako ni wapi?

Kobe wa Mbagala
"Mkeo wangu" 😂😂

Baba Wanne
Ghalani, zamu ya usiku.

Mzee wa Hesabu
Umbali, ndugu yangu.

Baba Wanne
Maili 48. Lakini tuna mpango wa kuhamia karibu, na kuna mwenzangu tunaweza kupokezana magari.

Mzee wa Hesabu
Kwenda na kurudi 96. Siku tano, wiki 50: maili 24,000, na sijaweka kanisani wala sokoni. Miaka mitatu 72,000. Umepewa 30,000. Za ziada 42,000. Mikataba mingi hutoza senti 15 mpaka 25 kwa kila maili, angalia yako. Kwa senti 25 siku ya kurudisha unadaiwa dola 10,500. Kama lazima ukodi, nunua maili za ziada sasa hivi kabla ya kusaini, hugharimu pungufu ya hapo.

Kobe wa Mbagala
Dola elfu kumi, na gari wanachukua. Boda ya mkataba Mbagala, narudia.

Baba Wanne
Wakuu, hiyo 10,500 ni ya miaka mitatu ijayo, Mungu yupo. Nilichouliza ni namna ya kufika 550. Na nimeshaacha mia tano ya kulishikia. Jeupe. Watoto wameshakaa ndani, mama yao kaweka picha status, hadi mjomba wa Dodoma kapiga simu kutoa pongezi.

Jicho la Tatu
Wakuu mnanyweshwa chai. Huyu huyu mwezi jana alifungua uzi wa mashine ya kukamua alizeti, akaandika "hapa nilipo Singida umeme unakatika". Leo yuko Ohio anakodi Highlander. Hata kiriba kakitoa mtandaoni.

Kobe wa Mbagala
Nilijua. Mods unganisheni nyuzi, Ohio iwe wilaya ya Iramba.

Bwana Harusi Mstaafu
Na mimi nimemmwagia siri za nyumbani kwangu.

Baba Wanne
Mashine ni ya mdogo wangu. Aliandika yeye, akaunti tunatumia wote. Na mkitaka kujua, hela ya kununua gari ndiyo iliyokwenda kwenye mashine. Ndiyo maana nakodi.

Mama Zawadi
Haya, sasa ndiyo tunaongea.

Mkulima Kwanza
Hiyo mashine inakamua magunia mangapi kwa siku? Ina chujio lake au mnanunua pembeni?

Mzee wa Hesabu
Iwe chai au maji, hesabu ni ile ile. Corolla libaki la kwenda ghalani. La familia tafuta Highlander la miaka mitatu, lililorudishwa na mtu aliyekodi kama unavyotaka kukodi wewe. Likawe lako, upige maili unazotaka.

Baba Wanne
Na ile hela ya kushikia nitarudishiwa?

Mzee wa Hesabu
Inategemea karatasi. Kama ni ya kushikia tu, idai leo kwa maandishi. Kama ni mkataba wenyewe, usidanganywe kuna siku tatu za kujuta. Sheria ile ya shirikisho haihusu gari ulilosainia yadini kwao. Piga picha karatasi, ziba jina, weka hapa.

Baba Wanne
Karatasi anayo mke wangu, amelala. Halafu siyo mia tano. Ni elfu moja na mia tano.

Mzee wa Hesabu
Mwamshe.

Mkulima Kwanza
Kabla hujamwamsha, lile swali la chujio.