Tupeane uzoefu: umewahi kulala kando ya daraja la kihistoria?

Wanajamvi, naomba tukusanye hapa simulizi za wale ambao, wakiwa safarini kwa gari, waliwahi kupiga hema karibu na daraja la mto lenye historia yake. Naanza na yangu.

Mwezi Julai tulitoka Mbeya watu wanne, tukavuka mpaka Tunduma na, baada ya kupumzika Lusaka, tukafika Livingstone, ambako tulipiga hema kando ya Zambezi, juu kidogo ya maporomoko ya Victoria. Wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, na kwa neno la kwanza Mswahili hahitaji mkalimani. Kesho yake tulipewa kikaratasi cha ruhusa katika kituo cha mpakani, tukatembea hadi katikati ya lile daraja la chuma lililo mita 128 juu ya maji, ambalo lilifunguliwa mwaka 1905 kwa ajili ya reli aliyoitamani Cecil Rhodes kutoka Cape hadi Cairo, ingawa yeye alifariki mwaka 1902 bila kuliona.

Ninachokikumbuka zaidi, hata hivyo, ni baridi ya usiku. Nilikuwa nimesoma kwamba pande mbili za tao, zilizojengwa kutoka kila ukingo, zilipokaribia kukutana zilionekana zimezidiana kidogo, kwa sababu chuma kilikuwa kimetanuka kwa joto la mchana, na mafundi wakalazimika kusubiri baridi ya usiku ikisinyaze chuma hicho ndipo waziunganishe asubuhi ya tarehe 1 Aprili 1905. Nilipoamka saa kumi alfajiri nikitetemeka ndani ya mablanketi mawili, sikuhitaji ushahidi mwingine.

Chakula fungieni ndani ya gari. Nyani walichukua mkate wetu wote, tena bila haraka.

Mchangiaji wa pili:
Ahsante, mkuu. Mimi nililala kando ya Rufiji kabla daraja halijakuwapo. Kwa sisi wa Lindi na Mtwara, safari ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Ndundu, na masika moja basi letu lilikesha hapo likisubiri zamu. Tulitandika kanga chini, mama lishe wakatuuzia wali kwa samaki kwenye mwanga wa koroboi, na kila viboko walipokoroma majini wazee walituamuru tusogee mbali na ukingo. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takriban mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka jana nilirudi na wanangu, nikaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, tukapiga hema mbali na maji. Walihesabu malori yakivuka hadi usingizi ukawachukua. Hakuna aliyeniamini nilipowaambia kwamba kuvuka hapo kuliwahi kutuchukua usiku mzima.

Mchangiaji wa tatu:
Mleta mada, kwa anayetaka kwenda Livingstone, ni wakati gani unafaa?

Mleta mada:
Ndugu, ukiweza, panga ufike kati ya Aprili na Juni mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa maji huwa mengi na hifadhi hufunguliwa usiku kwa wanaotaka kuona upinde wa mvua unaotokana na mwanga wa mwezi. Beba koti la mvua, maana manyunyu yatakulowesha hata kama mbingu ni nyeupe.