Pete za mti zinaweza kuonyesha hewa ilikuwa chafu kiasi gani zamani?

Mdadisi:
Wakuu habari za muda huu. Kuhesabu pete za mti ukajua umri wake hilo naelewa. Ila nimeambiwa ukizipima maabara unajua na uchafu wa hewa wa miaka ile ambayo hakukuwa na mashine ya kupima. Ni kweli au chai? Na je lazima mti ukatwe? Maana kuua mti wa miaka 200 kisa utafiti wa uchafuzi mimi siafiki kabisa.

Msumeno:
Kweli kabisa mkuu, na mti haukatwi. Kuna keekee ya mkono yenye uwazi katikati, unaizungusha toka kwenye gome kuelekea kwenye kiini halafu unachomoa kijiti chembamba cha milimita 5 hivi, ukikipiga msasa pete zote unaziona zimejipanga humo. Sehemu zenye gesi ya salfa nyingi, mfano Norilsk kule Urusi wanakoyeyusha nikeli, majani yanaungua, mti unakosa chakula na pete zinabana sana. Ila ukame nao unabana pete!! Ndo maana lazima ulinganishe na miti ya aina hiyohiyo iliyo mbali na kiwanda lakini inapata mvua ileile, bila hivyo utasingizia kiwanda bure.

Mama Miti:
Naongezea kwenye metali, hapa wengi wanateleza. Pete haijafungwa kwa kufuli jamani. Risasi, yaani metali ya lead iliyokuwa ikiongezwa kwenye petroli (Marekani walianza kuiuza petroli hiyo 1923, Algeria ndo wa mwisho kuiacha kwenye magari, 2021) nyingi inapenya kupitia gome, halafu inaweza kusogea toka pete moja kwenda nyingine, kwa hiyo ya mwaka huu unaweza kuikuta kwenye pete ya miaka kadhaa nyuma. Kinachosaidia ni uwiano wa isotopu (aina za risasi zinazotofautiana uzito wa atomi), risasi 206 kwa 207, maana migodi inatofautiana, hapo unapata fununu imetoka wapi. Zebaki yenyewe inaingia kama mvuke kupitia majani, ikishafika ndani inashuka kwenye shina, na mizizi mchango wake ni mdogo sana.

Mdadisi:
Asante dada. Sasa hakuna kitu kisichohama?

Mama Miti:
Kipo, kaboni ya kwenye selulosi, yaani kile kinachojenga kuta za mbao. Ikishajengwa imekaa hapohapo, na mimi ndo ushahidi ninaouamini kuliko wote. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalikaribia kuongeza kaboni 14 ya hewani (kaboni yenye mionzi, inayopungua yenyewe kadri miaka inavyopita) mara mbili, kilele kikawa miaka ya 1963 na 1964 upande wa kaskazini wa dunia, na pete za miaka hiyo zinaonyesha wazi. Hata kabla ya hapo, miaka ya 1950, mwanakemia Hans Suess alikuta mbao za karne ya 20 zina kaboni 14 pungufu kuliko za zamani, kwa sababu makaa ya mawe na mafuta ni ya kale mno, kaboni 14 yake ilishaisha, sasa tukiyachoma moshi wake unaizimua ile iliyopo hewani. Yaani moshi wa viwanda ulishaandikwa ndani ya mbao kabla watu hawajaanza kubishana!

Msumeno:
Mdadisi chagua mti vizuri lakini, mingi ya tropiki haina pete za mwaka zinazosomeka, inategemea kama kuna kiangazi cha kueleweka.